Mama wa Kituku Agombea Kura

Katika visa vyote vya mchezo wa nyumbani, hakuna kilichodhulumiwa kama kisa cha mama atokaye kuomba kura za watu wa mtaa wake. Kwani pale kinapoguswa, aghalabu kicheko huangushwa juu ya chungu kilichoungua na baba aliaye njaa mlangoni, kana kwamba azma ya yule mama ni maradhi yaliyoingia nyumbani, na mchezo hauwezi kwisha ila apone. Toleo hili la vichekesho vya jamaa tumeliweka ili kuupinga mwendo huo, na hoja yetu tunaianzia Kituku.

Alijuaye soko la Kituku na gati yake, ukingoni mwa Ziwa Kivu mjini Goma, Kongo, ajua kuwa mama wa pale hangoji uchaguzi ndipo atoke nyumbani. Alfajiri yuko ufukoni akipokea samaki wa sambaza, ndizi na makaa yaliyovushwa kutoka Idjwi na Minova, akibishana na watoza ushuru, akikopesha na kudai, akiwasuluhisha wachuuzi waliogombea mahali pa kutandika bidhaa. Na jioni nyumba nzima, pamoja na huyo baba aliaye njaa, hula jasho lake. Basi mchezo umwonyeshao kama mgeni wa mambo ya hadhara humvunjia heshima, tena hauchekeshi, kwa sababu hauna ukweli.

Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006, watu wa Goma, kama wa miji mikuu mingine ya mikoa, walipiga kura ya kuwachagua washauri wa komine, yaani za sehemu za mji. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa Juni 2022 ilikuwa imesamehe amana ya fedha kwa orodha yenye wanawake walau nusu. Hapo mtunzi ana kisa kamili: mume, mtu wa chama, amsihi mkewe atie jina ili orodha ipone gharama; mke akubali, kisha alichukue lile jina kwa dhati, azunguke sokoni, na wadaiwa wake wote wawe wapiga debe; mume naye, aliyetaka jina tupu, akute mshindani ndani ya nyumba yake. Kicheko kikimwangukia huyo mume kitakuwa cha insafu. Kenya, mchezo wa Vitimbi, kwa Mzee Ojwang na Mama Kayai, ulikwisha kutuonyesha kuwa ugomvi wa mume na mke waweza kuibeba jamii nzima.

Na haki ya mwanamke kupiga kura si ya kale. Chaguzi za kwanza za komine, mwaka 1957 katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, zilikuwa za wanaume peke yao. Wanawake wa Kongo walipata kura mwaka 1967.

Huenda msomaji akauliza kama ni halali kucheka, ilhali mkoa wa Kivu Kaskazini, wenye mji wa Goma, uliwekwa chini ya amri ya kijeshi Mei 2021, na Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Sisi twaona ni halali, ilmuradi mchezo usilikimbie jambo lenyewe. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi kwa kuwa vita vilikuwa vimekata barabara, ilizama karibu na gati ya Kituku, machoni pa watu waliokuwa wakiingoja. Gavana wa Kivu Kusini alitaja waliokufa kuwa wasiopungua 78. Nani azuie chombo kisipakiwe kupita kadiri, nani aiangalie gati, ushuru wa soko waenda wapi: hizo ndizo hotuba za mama mgombea, nazo zafaa zisemwe jukwaani bila ya kupunguzwa hata neno, katikati ya kicheko.

Kwa hiyo twawaomba watunzi wa Goma, na wa kila mji wa Kiswahili, watuletee michezo ambayo mama agombea kwa sababu ana la kusema, na jamaa zake wajifunze kupika.