UAMUZI USIOANDIKWA HAUNA RUFAA

Ndugu Wanachama,

Ziko dhulma zinazotendwa kwa kelele, watu wakazijua na wakatokea wa kuzipinga. Na ziko dhulma zinazotendwa kwa sauti ya upole, mlangoni mwa skuli, kwa maneno mawili matatu, na aliyedhulumiwa akarejea nyumbani akidhani kapewa nasaha. Makala haya yahusu hizi za pili, nazo ni pale mzazi anapompeleka skuli mtoto wake mwenye ulemavu, akaambiwa: "Huyu si wa hapa. Mpeleke kwengine."

Mimi ni mtu wa visiwani niliyefungua duka hapa Sakina, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Namanga. Jirani yangu mmoja, naye ni mtu wa kwetu, ana mtoto wa miaka 8 ambaye fahamu yake yenda pole pole na ulimi wake ni mzito. Skuli moja ilimpokea mtoto huyu kwa wiki chache, kisha baba akaitwa akaambiwa ampeleke skuli ya bweni, mkoa mwengine, wanakosoma watoto walio kama yeye. Akauliza: Nani aliyekata shauri hili? Akajibiwa: Ndivyo ilivyoamuliwa. Akaomba barua. Akajibiwa: Barua ya nini? Na kwa kuwa Sakina iko ukingoni, mahali Jiji la Arusha linapokutana na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ofisi ya kwanza aliyokwenda ilimwambia kuwa yeye ni wa upande wa pili. Alipofika upande wa pili akaulizwa: "Uamuzi gani unaoukatia rufaa? Mbona hapana kitu katika jalada?"

Zingatieni swali hilo, ndugu zangu. Mtoto yuko nyumbani, tena kwa sababu ya uamuzi. Lakini ukiutafuta uamuzi wenyewe haupo. Hauna tarehe, hauna sahihi wala hauna sababu. Sisi wenye maduka twasema: mali bila ya daftari hupotea bila ya khabari. Naam, na haki ya mtoto ni vivyo hivyo.

Pengine atatokea mtu akasema kuwa nchi hii haina sheria ya jambo hili. La, sheria zipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 24 cha mkataba huo chahusu elimu. Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto mwaka huo huo wa 2009, na ndani yake maslahi ya mtoto ndiyo ya mwanzo kuangaliwa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo kwayo skuli ya kawaida ndiyo asili, na skuli ya pekee ni kwa yule anayehitaji njia maalumu ya mawasiliano. Basi anayetaka kumtoa mtoto katika skuli ya mtaani kwao ndiye anayepaswa kuleta hoja. Leo mambo yamepinduliwa: mzazi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa mwanawe anastahiki dawati.

Tuitazame na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Ibara ya 11 yasema kuwa kila mtu ana haki ya kujielimisha. Lakini ibara hiyo imo katika fungu ambalo ibara ya 7 imelizuilia mahakama kulitilia nguvu. Wengi wakifika hapo hukata tamaa. Lakini wasome mbele kidogo. Ibara ya 13, fungu la 6, yataka kwamba pale haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo chengine, mtu huyo asikilizwe kwa ukamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa. Hiyo ndiyo silaha ya mzazi. Hata wakimwambia kuwa hawezi kuidai elimu mahakamani, na wamjibu hili: Je, alisikilizwa?

Sisemi kuwa skuli za pekee ni ubaya. Mtoto kiziwi anahitaji mwalimu ajuaye lugha ya alama na wenziwe wa kuzungumza nao; kumkalisha katika darasa asilofahamu hata neno moja si kumjumuisha, bali ni kumfungia kifungo kingine. Wala siwalaumu walimu jumla. Mwalimu aliyeachiwa darasa lililofurika, bila ya msaidizi wala vifaa, hana miujiza. Lakini la ajabu ni hili: Chuo cha Patandi, ambako Serikali husomesha walimu wa elimu maalumu, kiko Tengeru, chini ya mlima huu huu wa Meru. Mtu wa Sakina akipanda daladala akapita mjini, hufika bila ya kulala njiani. Yawaje basi chuo cha walimu kiwe karibu hivi, na mtoto aelekezwe mkoa mwengine, na asiwepo mtu wa kueleza kwa maandishi kwa nini hapana njia nyengine?

Barabara ipitayo mbele ya duka langu huishia mpakani. Ukivuka Namanga umeingia Kenya, na huko Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka bodi ya elimu katika kila kaunti, na juu yake Baraza la Rufaa za Elimu, ambako asiyeridhika na uamuzi wa bodi hupeleka shauri lake. Uingereza wana baraza la mashauri ya watoto wenye mahitaji maalumu tangu 1994; na leo barua ya uamuzi yenyewe hupaswa kumwambia mzazi kwamba ana haki ya kukata rufaa, na muda wake ni upi. Marekani, kwa sheria yao ya 1975, mzazi hupewa taarifa ya maandishi kabla ya mtoto kuhamishwa, na akipinga, mtoto hubaki alipo mpaka shauri liishe. Sheria hiyo ya mwisho ina hekima kubwa, kwani mtoto hakai nyumbani kungoja wakubwa wamalize maneno yao. Kwetu sisi baraza la namna hiyo, la kumsikiliza mzazi katika jambo hili hasa, halipo.

Asiseme mtu wa visiwani: "Hayo ni ya Bara, sisi yatuhusu nini?" Ni kweli kwamba elimu ya msingi si jambo la Muungano, na ofisi ya Arusha haina amri juu ya skuli ya Wete wala ya Makunduchi. Lakini ugonjwa ni mmoja. Visiwani watu wenye ulemavu walijiundia umoja wao, UWZ, tangu 1985. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ikaikubali elimu mjumuisho. Baraza la Wawakilishi likatunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka huo huo, na nyengine mwaka 2022. Yote hayo ni kheri. Lakini twauliza: mama wa Micheweni anayeambiwa "mrejeshe mwakani, bado hajawa tayari", anaondoka na karatasi gani mkononi? Na akirejea mwakani akaambiwa hayo hayo, atamwendea nani?

Sisi tuliosoma vyuoni tunaijua Sura ya Abasa, ambayo ni ya 80. Wafasiri wanaeleza kwamba iliteremka kwa ajili ya Ibn Umm Maktum, mtu kipofu, aliyemjia Mtume (S.A.W.) kutaka kufunzwa hali Mtume anazungumza na wakubwa wa Makureshi, na ukumbusho ukaja kwamba aliyekuja mbio kutafuta ilimu ndiye wa kukabiliwa. Kipofu huyo baadaye akawa muadhini, na Mtume alipotoka Madina kwa safari alipata kumwacha yeye kuwa naibu wake. Na katika vyuo vyetu vya zamani kila mtoto alisoma pahala pake: huyu yuko katika Alifu, yule kafika Yasini, na wote wamekaa mkeka mmoja mbele ya mwalimu mmoja. Aliyekuwa nyuma hakuambiwa kuwa si wa chuo hicho. Aliambiwa arudie somo lake.

Amma la kufanya, nitalisema kwa ufupi.

Kwanza, mzazi asiondoke na neno la mdomo. Aombe kwa adabu uamuzi ulioandikwa, wenye sababu, tarehe na jina la aliyeamua. Akinyimwa, aandike yeye mwenyewe barua: "Siku fulani niliambiwa maneno haya, na sikubaliani nayo kwa sababu hizi." Aipeleke nakala mbili, na moja aigongeshe muhuri wa kupokelewa. Hapo jalada limezaliwa.

Pili, aulize ni nani aliyempima mtoto, kwa kipimo gani, na kama kweli alipimwa. Kumtazama mtoto kwa jicho mara moja si kipimo.

Tatu, apande ngazi kwa utaratibu: mwalimu mkuu, ofisa wa elimu wa kata na wa halmashauri kwa walio Bara, au wa wilaya kwa walio visiwani, kisha mkoa na wizara. Asisahau kamati za watu wenye ulemavu ambazo sheria ya 2010 imeziweka Bara kuanzia ngazi za chini. Na iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya 2001, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi juu ya ofisi za serikali.

Nne, asende peke yake. Mtu mmoja mbele ya meza ya ofisi ni mnyonge. Lakini wazazi watano wenye barua tano ni khabari nyengine.

Na sisi tuliomo katika chama tuna letu. Wawakilishi na madiwani wetu na waulize, kila mmoja pahala pake: Ni watoto wangapi waliokataliwa skuli mwaka huu, na barua zao ziko wapi? Tena wadai mambo matatu: kila uamuzi wa kumhamisha au kumkataa mtoto uandikwe, kiwepo chombo kisichokuwa ile ile ofisi iliyoamua, cha kusikiliza rufaa ndani ya muda uliowekwa, na mtoto asitolewe darasani mpaka rufaa yake ijibiwe. Haya hayahitaji kujenga majengo wala kungoja wafadhili. Yanahitaji kalamu, karatasi na insafu.

Jirani yangu amekwisha andika barua yake. Nakala moja imegongwa muhuri, na sasa ofisi haiwezi tena kumwambia kwamba hapana kitu katika jalada. Jawabu bado halijaja, na mtoto bado yuko nyumbani. Kila siku ipitayo ni somo asilolipata, na hakuna atakayemrejeshea siku hiyo. Basi anayesoma haya, na mtaani kwake yuko mtoto aliyerejeshwa mlangoni mwa skuli, asiseme "maskini" akapita. Amwendee baba yake au mama yake amuulize: Barua iko wapi?

Wabillahi taufiki.

Mwenye Duka,
Sakina, Arusha