Mvua ya radi haijazi gunia

Kila msimu nasikia maneno yale yale: "Afisa, mwaka huu radi zimepiga sana, mbolea ya kukuzia ya nini?" Leo nitoe maoni yangu bila kupindisha.

Wanaosema hivyo hawajatunga. Joto kali la radi hulazimisha naitrojeni na oksijeni za hewani kuungana, zinapatikana oksidi za naitrojeni. Gesi hizo zikiishia kwenye maji ya mawingu zinageuka asidi ya naitriki, hafifu sana, inayoshuka na mvua. Ardhini inakuwa naitreti, chakula ambacho mizizi inakinywa moja kwa moja.

Kiwandani kazi ni ile ile. Mwaka 1905 kule Notodden, Norwei, Birkeland na Eyde walitengeneza "radi" yao kwa umeme wa maporomoko ya maji, wakapata asidi na kuiunganisha na chokaa. Lakini njia hiyo ilikula umeme mno. Siku hizi viwanda huchoma amonia juu ya wavu wa platinamu, kwenye joto la karibu nyuzi 900, kisha gesi inapozwa na kupitishwa kwenye mnara wenye maji. Asidi inayopatikana huunganishwa na amonia nyingine, ikachanganywa na chokaa, ndiyo CAN unayonunua dukani.

Kwa hiyo ubishi siyo aina, ni kiasi. Tupige hesabu. Magunia 10 ya mahindi ya kilo 100 yanaondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni, kwenye punje peke yake. Na radi je? Hata tukiikadiria kwa ukarimu kilo 5 kwa hekta kwa mwaka, hizo ni kilo 2 tu kwa ekari. Mfuko mmoja wa CAN wa kilo 50 una kama kilo 13.

"Mbona mahindi yanakolea kijani mvua zikianza?" Hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya udongo. Udongo mkavu ukilowa, vijidudu huamka na kuozesha mabaki ya mimea kwa kasi. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, Kenya, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1958. Neema hiyo haidumu, na anayechoma mabua anaipunguza mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu: usifute mbolea ya kukuzia kwa sababu ya ngurumo. Kama una mfuko mmoja tu kwa ekari, weka nusu baada ya palizi, mahindi yakifika magotini, na nusu kabla hayajatoa mbelewele. Udongo uwe na unyevu, na ufukie. Naitreti haishikwi na udongo. Ukiimwaga yote siku moja halafu mvua kubwa ikaja, umelisha mto.

Pesa haipo kabisa? Samadi iliyoiva, na kunde au mbaazi katikati ya mistari, vitakupa zaidi ya radi.

Na ukibisha, kagua majani ya chini. Yakianza njano kwenye ncha na kurudi katikati kama herufi V, mahindi yana njaa ya naitrojeni, hata kama jana ilinguruma usiku kucha.