Babu Asinyang'anywe Nyavu Zake

Wazazi, kwenye vijiji vya delta ya Rufiji mzee mwenye baridi yabisi huambiwa, "Babu, pumzika." Nyavu zinaondolewa, bao linafungiwa ndani. Ni mapenzi, lakini kiungo kisichotumika huzidi kukakamaa. Asubuhi mpeni maji ya uvuguvugu aloweke vidole, kisha mwacheni ashone nyavu kidogo kidogo, mjukuu akimshikia uzi. Jioni wacheze bao. Msimzoeshe diklofenaki ya dukani kila siku, huumiza tumbo na figo. Viungo vikivimba, au vikikakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, msisubiri vipinde. Maji yakijaa, pandeni boti mkamwone daktari Kibiti.