Mama, Uliza Kifaa Kabla ya Kusafishwa

Mimba ikiharibika, mwanamke wa Kitengela hukimbilia kliniki iliyo karibu. Mwenzake wa mashambani Kajiado huenda asafiri nusu siku. Wote wawili huambiwa, “Ni lazima usafishwe.” Ni wachache wanaouliza watasafishwa kwa kifaa gani.

Swali hilo ni zito. Kuna kukwangua kwa kijiko cha chuma, na kuna kufyonza kwa mrija wa plastiki. Chuma kikikwangua kupita kiasi hujeruhi tabaka ambalo utando wa mji wa mimba huota kwalo kila mwezi. Kuta zikiwa vidonda hushikana, na kovu hujengeka katikati. Heinrich Fritsch alieleza hali hii mwaka wa 1894. Baada ya maandishi ya Joseph Asherman ya 1948, ikapewa jina la Asherman. Hatari huzidi mama akikwanguliwa mara ya pili, au wiki chache baada ya kujifungua.

Dalili zake ni hedhi kupungua au kukatika, tumbo kuuma kila mwezi bila damu, na mimba kutoshika au kutoka. (Kifua kikuu cha mji wa mimba pia huacha makovu, kwa hivyo vipimo ni muhimu.) Nyumbani, hata hivyo, husemwa amerogwa, na mama mkwe huanza kumtafutia mwanawe mke wa pili!

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa 2012 kuhusu utoaji mimba salama, lilisema kukwangua kumepitwa na wakati. Kufyonza au vidonge vichukue nafasi yake. Pampu ya mkono haihitaji umeme, na muuguzi aliyefunzwa anaweza kuitumia. Basi kisingizio cha kushikilia kijiko ni kipi? Kuondoa makovu huhitaji mtaalamu apitishe kamera nyembamba na kuyakata. Kwa wengi wa Kajiado hiyo ni safari ya Nairobi, na makovu yanaweza kurudi.

Damu ikibubujika, mama hana nguvu za kuhojiana na mtu. Hapo mume au dada aliyemsindikiza ndiye aulize. Kabla ya kuondoka, omba karatasi inayoonyesha ulichofanyiwa na kifaa kilichotumika. Wiki nane zikipita bila hedhi, na huna mimba, rudi nayo kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.