Mwimbaji Si Kasuku

Wako watu washikao neno moja na kulirudia kila mahali: ati mtunzi ndiye mwenye wimbo, na mwimbaji asiyetunga ni kasuku tu, husema aliyofunzwa. Neno hili si la haki, nami nataka wewe, msomaji, ulikatae.

Tazama yaliyotokea Washington tarehe 6 Desemba 2015, katika jumba la Kennedy Center. Siku hiyo alikuwa akiheshimiwa Carole King, mtunzi wa nyimbo. Yeye na Gerry Goffin, mumewe wa wakati ule, ndio waliotunga “A Natural Woman”, wimbo ambao Aretha Franklin, binti wa mchungaji wa Detroit, aliutia katika santuri mwaka 1967. Mwaka 1971 King naye aliuimba katika santuri yake mwenyewe. Kama mtunzi ndiye mwenye yote, basi hoja ingekwisha hapo.

Lakini usiku ule Aretha, mwenye umri wa miaka 73, aliingia amevaa koti refu la manyoya, akaketi kwenye piano na kuipiga mwenyewe. Hakuufuata wimbo kama mtoto afuatavyo mistari ya daftari. Neno hili alilivuta, lile alilikata, pengine akapaza sauti kwa namna ya kanisani alikolelewa. Kisha akainuka, akasogea mbele, akalidondosha koti sakafuni. Watu wakasimama na wimbo haujaisha. Rais Barack Obama, kule juu roshanini, alipangusa machozi. (Asemaye kuwa machozi ya wakubwa ni adabu tu, na aitazame filamu yake.) Na mtunzi je? Alishindwa kutulia kitini, akashangaa kama asikiaye jambo jipya, hali muziki wa wimbo ulikuwa wake.

Utaniuliza: pasipo mtunzi, angeimba nini? Kweli. Lakini tenzi zetu za Lamu na Mombasa nazo zilitungwa ili zighaniwe, na mghani mbovu huuharibu utenzi mzuri mbele ya macho yako.

Wala usiseme kwamba sauti ni kipaji cha kuzaliwa, si kazi. Sauti ya 2015 haikuwa tena ile ya 1967. Aliloliongeza Aretha katika miaka 48 ni kujua mahali pa kungoja, na hilo halikuandikwa na mtunzi yeyote.