Rangi za nebula na magugu maji ya Ziwa Victoria

JUNI 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linalounganisha Kigongo na Busisi. Siku nne baadaye, huko Chile, kituo cha darubini cha Vera C. Rubin kilitoa picha zake za kwanza, mojawapo ikiwa ya nebula za Trifid na Lagoon, mawingu ya gesi yaliyoonekana katika waridi na buluu za kuvutia.

Matukio hayo hayana undugu kwa mtazamo wa haraka. Hata hivyo, maarifa yaliyotia rangi picha ile ndiyo yanayoweza kuonyesha magugu maji ya Ghuba ya Mwanza yamesogea wapi wiki hii.

Kamera ya darubini kubwa haioni rangi. Hupokea mwanga kupitia chujio moja baada ya jingine, na kila mara huhifadhi picha ya kijivu. Picha ile ya Rubin iliunganishwa kutoka picha 678 zilizopigwa kwa muda wa saa 7 na ushei. Mtaalamu ndiye huamua chujio lipi lipewe nyekundu, lipi kijani na lipi buluu. Katika picha mashuhuri ya nguzo za nebula ya Tai, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995, haidrojeni ilipewa kijani, ingawa mwanga wake huo kwa asili ni mwekundu. Hakuna aliyedanganywa, maana kijani kile kiliwasaidia wanasayansi kuitenganisha gesi hiyo na salfa, ambayo nayo hung'aa kwa wekundu.

Setilaiti zinazotazama dunia hufanya vivyo hivyo. Jani bichi hurudisha kwa wingi miale ya infraredi isiyoonekana kwa jicho, ilhali maji huimeza. Miale hiyo ikipewa rangi nyekundu, ziwa huwa jeusi na magugu maji huwaka kama makaa. Kwa njia ya namna hiyo watafiti walipima magugu yaliyofunika zaidi ya hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mwaka 1998, kabla ya wadudu walao magugu kusaidia kuyapunguza.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wenye fedha, kwani picha moja ya Landsat iliuzwa kwa mamia ya dola. Mwaka 2008 Marekani iliifungua hazina yote ya Landsat bila malipo. Kuanzia mwaka 2015 zikafuata setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo data zake pia ni za bure, hupita eneo lile lile kila baada ya siku 5 hivi, na nukta moja ya picha zake ina upana wa meta 10.

Daraja limewaondolea wasafiri wa Busisi adha ya kusubiri pantoni iliyozongwa na magugu. Mkazi wa Ukerewe bado anavuka kwa chombo cha majini, mvuvi bado anatega nyavu, na wakazi wa jiji wanakunywa maji yanayovutwa ziwani, Capripoint ikiwa mojawapo ya sehemu hizo. Kwao, taarifa ya mahali magugu yalipo ina thamani kuliko uzuri wa picha.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Wekundu si jina la mmea. Mafunjo na matete ya ufukweni nayo huonekana mekundu, na hata vijimea vinavyoelea juu ya maji vinaweza kumpotosha msomaji wa picha. Isitoshe, masika mawingu hufunika ziwa kwa siku nyingi, ikalazimu kutumia rada ya Sentinel-1, ambayo hupenya mawingu lakini hutatizwa na mawimbi. Ofisa anayeletewa ramani yenye madoa mekundu ana kila sababu ya kuuliza ni miale ipi iliyopewa rangi hiyo, picha ilipigwa lini, na nani alikwenda kuyatazama madoa hayo kwa macho.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye gharama. Data ni za bure, programu za kuzichambua zipo za bure, na kompyuta ya kawaida yaweza kuifanya kazi. Boti ya kwenda kuhakiki inahitaji mafuta.