"Malaika" Si Wimbo wa Kuchezea

Bendi za mahoteli ya Mombasa huwapigia wageni "Malaika". Hapa Makongeni, mtaa wa Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, nimeusikia ukipigwa arusini, wazee wakitikisa vichwa kwa raha. Najiuliza: maneno yake twayasikia kweli?

Fadhili William, mtoto wa Taita, aliurekodi na kundi lake la Jambo Boys karibu na mwaka 1960. Wapo washikiliao kuwa mtungaji ni Adam Salim, na ubishi huo haukuzikwa pamoja na Fadhili mwaka 2001. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika santuri yao ya mwaka 1965, ukaenea duniani.

Muziki wake ni mpole: gitaa la vidole, mwendo wa taratibu, sauti isiyofoka. Upole huo ndio utughilibuo. Sisi watu wa tungo na tukitazame kibwagizo. Kila ubeti una lake: kwanza mpenzi na uzuri wake, kisha fedha zimtesazo kijana, kisha kidege kilichomkaa moyoni. Lakini beti zote huishia pale pale, kama mdeni arudishwaye mbele ya mdai wake: mali hana, angekuwa nayo angeoa. Uchungu wote umekaa katika silabi moja, "-nge-". Hayo si mapenzi tu, ni mashitaka.

Na washitakiwa ni sisi akina baba. Dini yetu imeweka wazi kuwa mahari ni haki ya mke mwenyewe, si bei ya mzazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia fukara mmoja atafute japo pete ya chuma. Alipoikosa, akamwoza kwa sura za Kurani alizozihifadhi. Nasi twamwandikia kijana wa mshahara mdogo orodha ndefu ya makabati, dhahabu na karamu. Akishindwa, twamwita mhuni. Na binti yetu akizeeka nyumbani, twasema ni majaaliwa.

Basi, ndugu zangu, anayeupenda wimbo huu na aupende kwa vitendo. Mwenye binti na apunguze mahari, posa njema ikija asiirudishe kwa sababu ya fedha. Haifai kumpigia makofi mwimbaji ukumbini, kisha mwenziwe ukamfungia mlango nyumbani.